Vigingi vyepesi vya hema kwenye ardhi ya mawe na upepo mkali: nichukue vya aina gani?

Pimbi wa Mawe

Wakuu, habari zenu.

Naomba ushauri kuhusu vigingi vya hema. Hema langu ni la mtu mmoja, lile la aina inayosimamishwa kwa fimbo mbili za kutembelea, halina mifupa yake yenyewe. Lisipokazwa na vigingi halisimami kabisa. Lina sehemu sita ambazo ni lazima zifungwe chini, na nyingine nne za ziada kwa ajili ya kamba za upepo. Vigingi vilivyokuja nalo ni vya waya wa titani uliokunjwa kichwani ukawa ndoano, vipo kumi, gramu 6 kila kimoja, urefu sentimita 16.

Kwenye udongo wa kawaida sina malalamiko navyo. Sasa ninajiandaa kwa safari ya kutwa kucha juu ya pale miti inapokoma, ambako udongo ni unene wa kiganja tu, kisha kokoto, kisha mwamba. Kwa hiyo nikavipeleka kuvijaribu mahali penye ardhi ya namna hiyo, mchana, bila haraka. Nimeona mambo mawili. La kwanza, kigingi kinaingia sentimita tano, kinakutana na jiwe, na nikikazana nacho kinapinda palepale juu ya jiwe. La pili ndilo lililonitia wasiwasi zaidi: hata kile kilichoingia chote, upepo ukilipiga hema kinageuka. Nilichuchumaa nikakitazama. Kila mpigo wa upepo kinazunguka kidogo na hakirudi, mpaka mdomo wa ndoano ukawa unaliangalia hema na kitanzi cha kamba kikatoka chenyewe.

Mzigo wangu nimeupunguza kwa taabu, sitaki kurudi kwenye misumari mikubwa ya chuma. Nasoma wengine wanasifia vya alumini vyenye umbo la Y (shina ukilitazama kwa ncha linafanana na herufi Y), wengine misumari ya titani, wengine vya kaboni. Kwa mawe na upepo, kipi ni kipi? Na nichukue vya aina moja au nichanganye?

Natanguliza shukrani.

Msafiri Mwepesi

Umbo la Y, sentimita 19, umemaliza. Groundhog, vigingi vya Y vya kampuni ya MSR, zina gramu 14 hivi kila kimoja na hazigeuki zikishaingia. Zipo pia ndogo zake za sentimita 15, gramu 10. Kwa upepo chukua ndefu.

Kambandefu

Mkuu Pimbi, swali lako limepangwa vizuri, na jaribio ulilofanya watu wengi hawalifanyi. Nitakujibu kwa urefu kidogo kwa sababu jambo hili nalijali sana: wanaolala juu ya pale miti inapokoma hawana pa kukimbilia hema likianguka saa nane za usiku.

Anza na upepo wenyewe. Upepo wa kilomita 30 kwa saa unasukuma kila mita ya mraba ya kitambaa kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 4. Ukifika kilomita 60 watu hudhani itakuwa kilo 8. Inakuwa 17, maana kasi ikiwa mara mbili nguvu inakuwa mara nne. Sasa chukua ubavu wa hema dogo, mita mbili za mraba hivi, uone ni uzito gani unaoning'inia kwenye kamba mbili au tatu za upande wa upepo. Upande wa pili wa hema kamba zinakaribia kulegea wakati huohuo. Ndiyo maana mimi siamini katika seti ya vigingi kumi vinavyofanana. Kuna vigingi vinavyobeba hema na kuna vinavyonyoosha kitambaa tu, na havistahili uzito sawa.

Vinavyobeba, kwa hema lako, ni vile vya kamba zinazotoka kwenye fimbo na pembe mbili za upande unaokabili upepo. Hapo nakubaliana na Msafiri Mwepesi: Y ya alumini, ndefu. Inashika kwa sababu ina mbawa tatu, udongo unabanwa katikati ya mbawa hizo, na kamba ikivuta inakuta uso mpana badala ya waya mwembamba. Haizunguki kwa sababu hiyohiyo. Na ni ngumu: ukiigonga kwa jiwe juu ya kichwa, ikanyooka, inavumilia. Ndoano yako inazunguka kwa sababu ni waya wa duara na mvuto wa kamba hauko katikati ya shina lake, uko pembeni, kwenye mkunjo. Kila mpigo unaupa msokoto mdogo na hakuna cha kuuzuia.

Kasoro ya Y ni unene. Pale ambapo mawe yamekaribiana haipiti, na ukiilazimisha unaharibu ncha. Hapo ndipo msumari wa titani una thamani yake. Mwembamba, mnyoofu, hauna mkunjo wa kupinda, kichwa chake ni cha duara hivyo hata ukizunguka kamba haitoki. Wa unene wa milimita 4 na urefu wa sentimita 15 hauzidi gramu 10. Unapenya kati ya jiwe na jiwe kisha unabanwa na mawe yenyewe. Lakini sikiliza: kwenye changarawe iliyolegea msumari haushiki kitu. Ni laini, unateleza ukatoka kama ulivyoingia. Kwa hiyo msumari ni wa nyufa, Y ni ya udongo na changarawe iliyoshikana.

Kaboni sikushauri kwa ardhi yako. Ni mwepesi, ndiyo, lakini mara nyingi ni kijiti kilichogundishwa kichwa na ncha ya alumini, na kaboni haipendi kupigwa kwa ubavu. Mawe yatakulazimisha kukigonga, na jiwe la mkononi halipigi sawasawa kila mara.

Sasa namna ya kuvitia, maana hapa ndipo aina ya kigingi inapoanza kupungua umuhimu. Usianze na Y. Chukua msumari mmoja, uufanye wa kutafutia njia. Usukume kwa kiganja, ukigonga jiwe utoe, usogee upana wa vidole viwili, jaribu tena, badilisha na ulalo. Mkono utajifunza haraka. Jiwe dogo linaloweza kusogea linatoa kishindo kizito na msumari unashuka kidogo baada ya kila pigo. Mwamba wenyewe unalia kwa sauti kali na mtikisiko unakurudia hadi kwenye kifundo cha mkono. Ukisikia huo wa pili acha, hata ungegonga mpaka asubuhi. Ukipata pa kupita, chomoa msumari, angalia kama tundu linafaa Y, au urudishe msumari uleule uuache hapo.

Utasikia watu wanasisitiza kigingi kilale nyuzi 45, kichwa kikiwa mbali na hema. Kwenye mawe fuata ufa unavyokwenda. Kigingi kilichoingia chote kikiwa wima kinashinda kilicholala vizuri lakini kimebaki nusu nje. Sharti ni moja tu, kisilalie upande wa hema, maana hapo unaifungulia kamba njia ya kutoka.

Na kama kimebaki nje sentimita nne au tano, usiiache kamba kichwani. Ishushe, izungushe mara mbili kwenye shina pale linapokutana na ardhi, ikaze. Ikibaki juu, upepo unakitumia kigingi kama mtaimbo na kulipanua tundu lake chenyewe. Hili dogo limeokoa mahema mengi kuliko titani.

Bado sijagusa mawe, na kwa ardhi uliyoieleza mawe ndiyo yatakayokushikia hema nusu ya usiku zako. Nitarudi jioni.

Msumari Wangu

Kambandefu umesema vizuri ila mimi ningekwenda misumari mitupu, yote kumi. Huko juu, miti ikishakoma, ni nadra kukuta udongo wa Y, na ukibeba aina moja huhangaiki gizani kutafuta kipi kinakwenda wapi. Msumari usiposhika, weka jiwe juu yake. Rahisi.

Kambandefu

Nimerudi. Msumari Wangu, gizani unasema kweli, na mtu anayejua anaenda kwenye nyufa tupu abebe misumari. Ila Pimbi ametuambia kuna udongo wa kiganja na kokoto, na humo ndimo Y fupi au ndefu inapopata cha kukamata. Kisha kuna hilo la jiwe juu ya kigingi. Linasaidia, nakubali, hasa likikaa upande wa hema likaigandamiza na kamba yenyewe. Lakini watu wanaliamini jiwe kupita uwezo wake. Jiwe la kilo 10 lililokaa tu juu ya changarawe linaanza kuteleza likivutwa kwa kilo 5 au 6, na kamba ikilivuta kwenda juu linateleza mapema zaidi. Rudi kwenye zile kilo 17 za upepo kwa kila mita ya mraba. Jiwe la kilo 10 peke yake halitoshi.

Njia ninayoiamini ni ya mawe mawili. Unahitaji kitanzi kirefu cha kamba. Mwisho wa kitanzi unatia kitu kidogo kilicholala kwa upana: jiwe la ukubwa wa ngumi, kijiti kikavu, au, mkuu Pimbi, zile ndoano zako za titani. Usizitupe. Ndoano iliyolazwa chini kwa upana, kitanzi kikiwa katikati yake, ni kizuizi kizuri sana na ina gramu 6 tu. Kisha jiwe kubwa unaliweka juu ya kamba, mbele ya hicho kizuizi, upande wa hema. Kamba ikivuta, kile kidogo kinakimbilia chini ya kikubwa na kukwama hapo. Kadiri upepo unavyovuta ndivyo kinavyozidi kujibana. Ukipata mahali ambapo jiwe kubwa limeegemea jingine lililozama ardhini, hapo hata upepo wa usiku kucha hautalisogeza. Kama hakuna, panga mawe matatu manne, jipya likiegemea la kwanza upande wa hema.

Kinachowashinda wengi ni kamba fupi. Hema huja na kamba za kufika kwenye kigingi tu, na mawe mazuri hayakai pale unapoyataka. Kamba ndefu ina faida nyingine ambayo watu hawaipi hesabu. Tuseme kamba inaanzia kichwani mwa fimbo, sentimita 120 kutoka chini. Ukiweka kigingi sentimita 120 kutoka kwenye kitako cha fimbo, kamba inashuka kwa nyuzi 45, na kwa kila kilo 10 ambazo upepo unasukuma ubavuni, kigingi kinanyanyuliwa kwa kilo 10. Kisogeze kifike mita 2 na kidogo. Kamba sasa ina nyuzi 30, na ule mnyanyuo unashuka chini ya kilo 6. Hujabeba kigingi kizito zaidi, umeongeza kamba ambayo uzito wake huuhisi.

Kwa kamba za fimbo ningetumia Dyneema (kamba ya nyuzi za plastiki zenye nguvu sana) ya milimita 2, mita tatu kila moja. Haivutiki, hainywi maji. Ila inateleza, kwa hiyo fundo lizungushwe mara moja zaidi ya kawaida, na vile vidude vya kukazia uvijaribu kabla ya safari kwa sababu vingine havishiki kamba nyembamba. Vitanzi vya mawe navitengeneza peke yake, vya nailoni ya milimita 3, mita moja na nusu kila kimoja, vinne. Vikisuguliwa na mawe vikakatika umepoteza kitanzi, kamba ya hema iko salama. Pale kamba inapopita juu ya ncha kali ya jiwe, papitishe kidole kwanza. Ukihisi makali, ligeuze jiwe au weka kitambaa. Kamba iliyokazwa ikichezeshwa na upepo juu ya ncha moja saa nne mfululizo inakatika, iwe ya nini.

Basi ningekupangia hivi: Y ndefu nne, misumari ya titani minne, ndoano zako mbili zilizobaki nyoofu. Y nne ni gramu 56, misumari isizidi 40, ndoano 12. Jumla gramu 108, na leo unabeba 60. Ukitaka kupunguza gramu hizo 48, zitafute kwenye begi popote pengine. Kwenye kamba za fimbo usiziguse.

Mlinzi wa Njia

Nashukuru kwa somo hili. Ombi langu kwa wote: asubuhi mawe yarudi mlikoyatoa, upande ulioota kuvumwani (ule wenye madoa ya kijivu na njano) ukiangalia juu kama ulivyokuwa. Chini ya jiwe kuna wadudu wanaoishi humo, na mimea ya juu huko inakua polepole mno. Kuta za mawe za kukinga upepo msijenge. Na msifunge kamba kwenye vichaka vile vifupi, mizizi yao haina kina, mtaving'oa.

Pimbi wa Mawe

Kambandefu, asante sana mkuu, haya ni madini. Nimeshakata vitanzi vya nailoni, na lile jaribio la ndoano kulala kwa upana nimelifanya leo: nimevuta kamba kwa mikono miwili, miguu nimeikita, ndoano ikaingia chini ya jiwe na kukwama vilevile ulivyosema. Mlinzi wa Njia, mawe nimeyarudisha.

Nina maswali mawili. Vigingi vilivyobanwa na mawe navitoaje asubuhi bila kuvipinda? Na upepo ukigeuka usiku, zile Y nne si zitakuwa upande usiotakiwa?

Msafiri Mwepesi

La kutoa nalijibu mimi. Fungia kila kigingi kitanzi kidogo cha kamba ya rangi kali kichwani kabla hujaondoka nyumbani. Asubuhi pitisha kigingi kingine kwenye hicho kitanzi, kiwe mpini, uvute kwa kufuata ulalo uleule kilioingilia. Kikikataa, kigonge taratibu kushoto na kulia karibu kabisa na ardhi, siyo kichwani. Usikivute kwa kamba ya hema. Rangi nayo ina kazi, kigingi cha kijivu kati ya mawe ya kijivu hukioni.

Kambandefu

Naongeza hapo kuhusu kugonga: jiwe la kugongea liwe na uso bapa, kubwa la kukaa kiganjani, na ulishushe kwa uzito wake. Mapigo mengi mepesi. Ukipiga kwa hasira kichwa cha Y kinatandazika na zile kingo zake zinakuwa makali ya kukata kamba.

Upepo kugeuka. Hema la fimbo mbili lina kamba ya fimbo pande zote, kwa hiyo Y mbili weka kwenye kamba za fimbo, moja kila upande, bila kujali upepo unatoka wapi jioni. Hizo mbili ndizo zikitoka hema linalala. Y mbili zilizobaki ziende kwenye pembe za upande wa upepo wa wakati ule. Elekeza mwisho mwembamba wa hema kwenye upepo ukiweza, utie vigingi vya upande huo kwanza, hema likiwa bado limelala chini, halafu ndipo usimamishe fimbo. Kisha zile kamba nne za ziada zifunge zote tangu jioni, hata kama hewa imetulia, kwa kutumia misumari au mawe. Kamba iliyokwisha fungwa unaikaza ukiwa umevaa tochi ya kichwani kwa nusu dakika. Ambayo haijafungwa utaitafutia jiwe kwenye mvua.

Kama kamba ya fimbo imepata kigingi usichokiamini, weka viwili. Cha pili kikae nyuma ya cha kwanza, hatua fupi, kwenye mstari uleule wa kamba, na kitanzi kifupi kiunganishe kichwa cha cha mbele na shina la cha nyuma pale chini. Cha mbele hakiwezi tena kuinamia hema.

Jambo la mwisho, hema lako ni la kitambaa gani? Kama ni nailoni yenye silikoni, jua litakapozama na unyevu ukaingia litalegea, hata kama ulilikaza vizuri. Hapo upepo unalipigapiga na kila pigo linakwenda kwenye kigingi. Toka kabla ya kulala uzikaze kamba zote upya, kisha ushike kila kigingi kwa mkono ukijaribu. Poliesta hulegea kidogo tu, lakini mikono upitishe vilevile.

Pimbi wa Mawe

Ni nailoni yenye silikoni. Nitazikaza upya kabla ya kulala. Y nne na misumari minne nimeshaagiza, zikifika nazipeleka palepale nilipojaribia ndoano, siku ya upepo, nitawaandikia zilivyoshika.